Mshale wa Oili: Historia ya Injini Iliyodhaniwa Mgonjwa



Ukurasa huu wa historia umezoea masultani, majahazi na vita vya wakubwa. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuingie gereji, kwa sababu historia imo hata chini ya boneti ya lori, na wasioijua hulipa gharama yake kwa fedha taslimu.

Chukua lori la Chevrolet la mwaka 1950. Geji yake ya oili inaishia kwenye namba 30. Injini ikishapata moto na lori likienda mwendo wake wa kawaida, mshale husimama karibu na 14 au 15, yaani pauni hizo kwa kila inchi ya mraba. Lori likisimama kwenye taa nyekundu, mshale hushuka hadi unakaribia kulala. Dereva aliyezoea malori ya siku hizi, ambayo geji zake hupanda hadi 40, 50 na zaidi, akiuona mshale ule atazima injini papo hapo. Fundi kijana akiitwa, atatikisa kichwa na kusema injini imekwisha, ifunguliwe yote. Na wote wawili watakuwa wamekosea, maana injini ile ni nzima kabisa. Ndivyo ilivyoumbwa.

Sasa chukua lori la kampuni hiyo hiyo la mwaka 1955, lenye injini ya silinda sita inayofanana na ile kama mtu na nduguye. Mshale wake ukisimama kwenye 14 wakati lori liko mwendoni, huo ni msiba. Ukiendelea na safari kwa kujifariji kwamba "hizi za zamani ndivyo zilivyo", hutafika mbali.

Namba ni ile ile, lakini hukumu ni mbili. Kinachozitenganisha ni historia, na hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia. Wapo wenzetu wengi huku Marekani ambao mkate wao unatokana na malori, ama kwa kuyaendesha ama kwa kuyatengeneza, na wapo walioingiwa na mapenzi ya kununua magari makuukuu na kuyafufua. Kusuka upya injini moja ni maelfu ya dola. Si haki fedha hizo zipotee kwa sababu ya kusoma vibaya mshale mmoja.

Presha ni nini hasa?

Watu wengi hudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Kazi ya pampu ni kusukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapokutana na kizuizi, yaani inapolazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya krankshafti na beringi zake. Nafasi hiyo katika injini nzima haizidi unene wa unywele wa binadamu. Humo oili hutanda utando mwembamba, na chuma kinazunguka juu ya utando huo bila kugusa chuma mwenzake. Siku chuma kitakapomgusa chuma, ndipo injini inaponoki.

Ukiielewa hivyo, mengine yanakuja yenyewe. Beringi zikilika, nafasi hupanuka, oili hupita kwa urahisi, na presha hushuka. Oili ikiwa baridi huwa nzito, hivyo mshale hupanda juu. Ikipata moto hulainika na mshale hushuka. Injini ikizunguka polepole pampu husukuma kidogo, ikizunguka kwa kasi husukuma zaidi. Kwa hiyo geji ni shahidi wa mambo mengi kwa pamoja: pampu, beringi, joto, mwendo na aina ya oili. Na kama ilivyo kwa shahidi yeyote, lazima kwanza ujue alikuwa amesimama wapi.

Vijiko vya Flint

Kwa modeli ya mwaka 1929 kampuni ya Chevrolet ilitoa injini mpya ya silinda sita, ikaitangaza kwa kujigamba kwamba mnunuzi anapata silinda sita kwa bei ya nne. Mshindani wake alikuwa Ford Model A, gari la silinda nne. Ili bei iwe ya chini, kila kitu kilichoweza kurahisishwa kilirahisishwa. Watu wakaipa injini ile majina ya utani, mojawapo likiwa Stovebolt, kwa jinsi skrubu zake zilivyofanana na zile za majiko ya chuma ya nyumbani.

Urahisishaji mkubwa ulikuwa kwenye oili. Beringi kuu za krankshafti, pamoja na za kamshafti, zilipelekewa oili kwa pampu. Lakini beringi za konrodi, zile zinazobeba kishindo chote cha pistoni, hazikupelekewa. Kufanya hivyo kungehitaji kutoboa njia za oili ndani ya krankshafti, na kila tundu lina gharama yake. Badala yake, chini ya kila konrodi kiliwekwa kijiko kidogo cha chuma, na chini ya kila kijiko, ndani ya sampu, kikawekwa kihori kilichojaa oili. Konrodi inaposhuka, kijiko huchota oili na kuisukumia ndani ya beringi. Injini ikiongeza mwendo, mipira midogo ya oili hurushwa kutoka kwenye vinyunyizio vilivyofungwa ndani ya sampu, ikadakwa na vijiko vikiwa njiani.

Tusiwacheke. Kurushia oili ilikuwa njia ya kawaida siku zile. Ford Model A nayo ilitumia vijiko kwenye konrodi zake, na haikuwa hata na geji ya oili. Beringi zenyewe zilimiminwa kwa madini laini ya babiti, mchanganyiko wa bati, shaba na antimoni uliobuniwa na Isaac Babbitt huko Massachusetts mwaka 1839. Babiti ina ulaini wa kumeza vumbi dogo bila kukwaruza chuma. Ikilika kidogo, fundi hufungua sampu, huondoa kipande kimoja chembamba cha chuma kilichowekwa makusudi kwenye maungio ya konrodi, hukaza tena, na lori huendelea na kazi. Matengenezo ya namna hiyo yaliweza kufanyika chini ya mti.

Mwaka 1937 injini ilisanifiwa upya, ikawa na ukubwa wa inchi za ujazo 216, beringi kuu nne badala ya tatu, na nguvu za farasi 85. Mafundi hadi leo huiita kwa namba yake tu. Mwaka huo huo Kiwanda Namba 4 cha Chevrolet mjini Flint, Michigan, kilichokuwa kikitengeneza injini za kampuni hiyo, kiliingia katika historia kwa sababu nyingine. Februari 1, 1937 wafanyakazi wagomaji walikikalia, na siku kumi baadaye, Februari 11, General Motors ikakubali kukitambua chama chao cha UAW. Mikono iliyofunga vijiko vile ndiyo iliyoleta haki hiyo. Vijiko vyenyewe, hata hivyo, vilibaki palepale.

Na hapa ndipo tunapopata maana ya ile namba 14. Kwa kuwa pampu haikuwa na kazi ya kulisha konrodi kwa nguvu, haikuhitaji presha kubwa. Valvu ya kupunguza presha ilifungwa iachie mapema, na geji ikaandikwa mwisho 30. Aliyeisanifu hakuwa amesahau kitu.

Injini hizi na wazee wetu

Msomaji atauliza, haya ya Michigan yanatuhusu nini? Yanatuhusu. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu 1926, na ilikuwa na kingine kikubwa Oshawa, Kanada. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Kanada ilitengeneza zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi, sehemu kubwa yakiwa ya Ford na Chevrolet, na yale ya Chevrolet yalibeba injini hii hii ya vijiko.

Vikosi vilivyotoka Kenya kuwakabili Waitaliano viliingia Mogadishu Februari 25, 1941, na Addis Ababa Aprili 6 ya mwaka huo. Mwendo wa kasi namna ile katika nchi kavu isiyo na barabara haukuwa wa miguu peke yake. Ulikuwa wa malori, maji, petroli na oili. Nyuma ya usukani walikuwemo vijana wetu wa kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki. Baadaye wenzao walipelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Wengi waliingia jeshini hawajawahi kushika gia, wakatoka wakiwa madereva na makanika. Vita vilipokwisha, ujuzi huo ndio uliorudi nao nyumbani, ukaendesha mabasi na malori ya miaka ya 1940 na 1950 kutoka pwani hadi bara.

Vitabu vya matengenezo viliandikwa kwa Kiingereza. Maarifa ya gereji yakapita kwa mdomo, kutoka fundi hadi mwanafunzi, kwa Kiswahili kilichojitungia maneno yake: spana, gia, breki, geji, kunoki. Neno hili la mwisho lina uzito wake katika hadithi yetu. Dereva alifundishwa kuisikia injini, si kuitazama tu. Na katika injini ya vijiko, sikio lilikuwa na haki kuliko jicho, kwa sababu tutakayoieleza hivi punde.

Wakati huo huo, watu weusi wa hapa Marekani walikuwa na lori lao. Msafara maarufu wa Red Ball Express, uliopeleka vifaa kwa majeshi nchini Ufaransa kati ya Agosti na Novemba 1944, uliendeshwa na madereva ambao takriban robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi. Lori lililoubeba msafara ule lilikuwa hasa GMC ya magurudumu kumi. GMC na Chevrolet ni watoto wa kampuni moja, injini zao zote mbili zilikuwa za silinda sita, lakini ile ya GMC ililisha konrodi zake kwa presha ya pampu. Mtu akitoka lori moja kuingia lingine bila kuambiwa, angedhani la pili linaumwa.

Mabadiliko ya 1954

Baada ya vita Marekani ikaanza kukimbia. Sheria ya barabara kuu za kitaifa ilipitishwa mwaka 1956, lakini hata kabla yake mwendo ulikuwa umekwisha kubadilika. Injini ya vijiko iliyovumilia miaka mingi ya vumbi na mizigo kwa mwendo wa taratibu haikupenda kuzungushwa kwa kasi saa nzima bila kupumzika. Babiti ikipata moto mno hulainika na kumong'onyoka.

Chevrolet ikaitikia. Mwaka 1953 baadhi ya magari yake madogo yalipata injini ya inchi za ujazo 235 yenye krankshafti iliyotobolewa, beringi za konrodi za kuchomeka, na oili ya presha hadi kwenye konrodi. Mwaka 1954 mfumo huo ukaingia kwenye malori, na ile 216 ikastaafu. Hapa ndipo mtego ulipo, maana kwa nje injini hizi zinafanana sana, na jina la 235 peke yake halitoshi: tangu 1941 ilikuwapo 235 ya malori makubwa iliyotumia vijiko vile vile. Tena zinabadilishana nafasi. Malori mengi ya 1950 yaliyopo leo yana injini ya baadaye chini ya boneti huku geji ya zamani ikiwa bado kwenye dashibodi. Mshale ukipita 30 na kugonga mwisho wa geji, mwenye lori hushangilia afya asiyoijua au hushtuka bure.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, soma namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini uijue ni ya mwaka gani. Kupima presha bila kujua injini ni sawa na kupima mtoto kwa nguo za babu yake.

Kuipima injini iliyosukwa upya

Tuseme injini imeshasukwa na iko tayari kuwashwa. Dakika ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu njia za oili ni kavu.

Kwanza, usiiamini geji ya zamani. Ndani yake mna kijibomba kilichopindwa, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Presha ikiingia, kijibomba hutaka kunyooka, na kule kunyooka ndiko kunakosukuma mshale. Baada ya nusu karne chombo hicho huchoka, na mrija mwembamba unaokiunganisha na injini huziba kwa uchafu. Fungua mrija, funga geji ya majaribio unayoijua, ndipo usome.

Pili, jaza oili njiani kabla ya kuwasha. Katika injini hizi pampu na distributa huzungushwa pamoja na kamshafti. Fundi huchomoa distributa, huteremsha chuma kirefu kinachoishika pampu, na kuizungusha kwa drili ya umeme kwa upande ule ule injini inakozungushia, mpaka mshale upande. Asiye na chuma hicho huondoa plagi zote na kuizungusha injini kwa stata bila mzigo. Kwa injini ya vijiko, beringi zinapakwa oili wakati wa kufunga na vihori vinajazwa kabla sampu haijarudishwa, kwa sababu kijiko kikichota hewa mara ya kwanza hakuna wa kukisaidia.

Tatu, washa na utazame mshale, si moshi wala sauti ya watazamaji. Usipoinuka ndani ya sekunde kumi au kumi na tano, zima.

Nne, usiandike namba ya injini baridi. Subiri ipate moto sawasawa, kisha soma mara mbili: ikiwa taratibu, na ikiwa kwenye mwendo wa barabarani. Ziandike zote mbili ukutani au kwenye daftari. Namba ya leo ina faida ndogo. Faida kubwa ni kuilinganisha na ya mwezi ujao.

Tano, toa hukumu kwa sheria ya injini yenyewe. Kwa ile ya presha kamili, mafundi hutumia kipimo cha jumla cha pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikipungua hapo, sababu ni chache na zinajulikana: beringi zenye nafasi kubwa, kizibo cha njia ya oili kilichosahaulika wakati wa kufunga, uchafu ulioizuia valvu ya presha isifunge, pampu iliyolika, au bomba la kunyonya linalovuta hewa.

Kwa ile ya vijiko, pauni 14 mwendoni ni salama, lakini hapa ndipo watu wengi hulala usingizi. Geji ile haijui lolote kuhusu konrodi! Inasoma njia ya beringi kuu tu. Kijiko kinaweza kuwa kimepinda, kinyunyizio kimeziba au kinalenga pembeni, konrodi inakufa kwa kiu, na mshale bado umesimama pale pale kwenye 14. Ndiyo sababu kiwanda kilitoa vipimo maalumu vya kuhakikisha urefu wa vijiko, kina cha vihori na shabaha ya vinyunyizio. Fundi asiyevipima kabla ya kufunga sampu hana namna ya kuvipima kwa geji.

Kinachobaki ni sikio. Injini ikiwa na mlio unaoshukiwa, mafundi wa zamani walikata moto wa plagi moja baada ya nyingine. Plagi ikikatwa na mlio ukapungua, basi konrodi yenye kasoro imepatikana, kwa sababu pistoni yake haisukumwi tena. Hakuna kipimo cha bei kinachohitajika.

Neno kuhusu oili nzito

Kuna ujanja unaopendwa na wauzaji wa magari makuukuu: kumimina oili nzito ili mshale upande siku ya mnunuzi. Mshale utapanda kweli, lakini beringi haitapona. Katika injini ya vijiko ujanja huo ni sumu zaidi, kwa kuwa oili nzito haichoteki wala hairuki upesi kwenye asubuhi ya baridi, hasa kwenye majira ya baridi ya huku. Injini ile iliandikiwa oili nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Hali kadhalika, kuikaza springi ya valvu ili geji isome 30 hakupeleki hata tone moja ndani ya konrodi kwa nguvu, maana njia ya kulipitisha haipo.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Injini ya vijiko ilikuwa na upungufu wake, na kuachwa kwake mwaka 1954 kulistahili. Lakini kwa robo karne ilibeba pamba, mawe, askari na wagonjwa kwa presha ambayo leo tungeiita kifo. Iliweza hivyo kwa sababu waliokuwa nayo waliijua namba yake na wakaisikiliza.

Magari yamebadilika, na biashara pia. Kiwanda cha General Motors kilichoanzishwa Nairobi miaka ya 1970 kimekuwa Isuzu East Africa tangu 2017, na wachache wamebaki wanaokumbuka vijiko. Wengi wa wazee walioendesha malori yale wametangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wale waliojifunza kwao, nao umri umekwenda. Tunawaomba wasomaji wenye baba, mjomba au babu wa namna hiyo, awe Mombasa, Tanga, Bukavu au hapa hapa mtaani, wampigie simu wamuulize maswali mawili: konrodi mliisikiaje, na kile kijiko mlikiitaje? Sisi tumekiita kijiko kwa kuwa hatukupata neno lingine. Yamkini neno lake halisi lipo, limo kichwani mwa mtu, na halijaandikwa popote. Mkilipata tuleteeni, tutalichapa.